Tiki Nane za Chapchap

Asubuhi moja tu ilitosha kumjua Chapchap. Alipiga mswaki huku anatafuta soksi, akafunga vifungo vya shati huku anakunywa chai, na viatu alivivaa bila kufungua kamba, akivikanyaga visigino mpaka vikakubali kuingia. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Kwingine kote, nyumbani na shuleni, aliitwa Chapchap.

"Wewe mtoto," mama yake alimwambia, "iko siku utafika shuleni begi limebaki nyumbani."

"Ilishatokea, mama!" Chapchap alijibu akiwa tayari mlangoni. Na kweli, ilishatokea mara mbili.

Jumatano hiyo alikuwa na sababu ya kukimbia. Alikuwa darasa la sita, na ndiye kiongozi wa klabu ya kompyuta. Siku zote klabu hiyo ilijifunza kompyuta kwa kuzichora ubaoni. Sasa shule ilikuwa imepata kompyuta za kweli, nane, na fundi wa kuzifufua alikuwa anakuja leo. Fundi mwenyewe hakuwa mgeni. Alikuwa mama mdogo wake Chapchap, mdogo wa mama yake wa tumbo moja, ambaye alikuwa ameomba likizo ya siku tatu kazini kwake ili aisaidie shule bila malipo.

Kompyuta zenyewe zilikuwa zimekula chumvi nyingi. Ofisi moja ilipata mpya, ikaona badala ya kuzitupa za zamani izipe shule. Skrini zake zilikuwa na migongo mikubwa, na rangi yake nyeupe ilishageuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Ukiwasha moja ilinguruma, ikakohoa, kisha ikatulia kufikiri, na ungeweza kwenda kunywa maji bombani, ukapiga na soga kidogo, ukarudi ukaikuta bado inafikiri.

Ndani zilikuwa tupu. Ofisi ile ilikuwa imefuta kila kitu, kwa hiyo kila moja ilihitaji kuwekewa mfumo endeshi upya, yaani ile programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta na kuipa akili ya kufanya kazi. Sehemu za kuingizia diski zilikuwa zimekwama zote nane. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu: mtandao. Fundi alipofika, aliweka programu hiyo kwenye kompyuta yake mwenyewe iliyokuwa nzima, akaiita mashine mama, akaiweka ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Kando yake kulikuwa na kisanduku cha kugawia mtandao, cha zamani pia, taa zake zimekufa siku nyingi. Kutoka kwenye kisanduku hicho kebo nane, zilizotandazwa tangu kompyuta zilipoletwa, zilitambaa ukutani mpaka chumba cha kompyuta, kila kompyuta na kebo yake.

"Sikilizeni nyote," alisema Mwalimu Mkuu siku hiyo ya kwanza, amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma. "Kamati ya wazazi inakuja Ijumaa saa sita mchana. Ikikuta zote nane zinafanya kazi, chumba hiki ni cha kompyuta. Ikikuta hata moja imelala, zote zinachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, na chumba kinakuwa stoo ya madawati mabovu. Nimejitahidi kuwabembeleza, wamekataa. Nane, au hakuna."

 Chapchap alikuwa amechora kompyuta ubaoni mwaka mzima, na hakuwa tayari kurudi kwenye chaki.

Mama mdogo hakutishika. Yeye alikuwa mtu wa taratibu, tena wa taratibu za kuudhi. Alikuwa na daftari la jalada gumu ambalo hakuliachia hata wakati wa kula. Kabla ya kugusa kitu, aliandika. Akishagusa, alijaribu. Akishajaribu, aliandika tena. Ndipo akagusa kingine.

"Kazi yako ya kwanza ni kupima kebo," alimwambia Chapchap na kumpa kifaa chenye vipande viwili. "Hiki unachomeka huku kwenye mwisho wa kebo, hiki unachomeka kule ofisini. Ndani ya kebo mna nyaya nane nyembamba, na hapa pana taa nane. Zikiwaka zote, kebo ni nzima, piga tiki. Ikikosa kuwaka hata moja tu, piga mkasi, ile alama ya kosa, uniambie. Na ujue jambo moja: nikiona tiki kwenye daftari hili, sirudi nyuma kupima tena. Tiki ni tiki. Sawa?"

"Sawa, mama mdogo. Dakika tano tu."

Haikuwa kazi ya dakika tano. Ili kupima kebo moja, Chapchap alichomeka kipande cha kwanza chumbani, akakimbia ukumbi mzima, akakata kona, akapiga hodi ofisini. Na Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kuingiliwa hivihivi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Mwalimu."

"Masomo yanaendaje?"

Ndipo akaruhusiwa kuchomeka kipande cha pili. Kebo ya kwanza: taa zote nane. Akarudi mbio, akapiga tiki, akahamia ya pili. Hodi. Shikamoo. Marahaba. Nyumbani hawajambo? Hawakuwa wamebadilika kitu tangu dakika nne zilizopita, lakini ilibidi ajibu. Kebo ya tatu ilipokwisha, alikuwa anahema, na koo limekauka kwa salamu.

Hapo ndipo kelele ziliposikika kutoka uwanjani. Wasichana walikuwa wanagawana timu za mpira wa pete. Chapchap alichungulia dirishani. Akichelewa, angeachwa, au angechaguliwa wa mwisho kabisa, na kuchaguliwa wa mwisho kulimuuma kuliko kufungwa. Akatazama kebo tano zilizobaki. Zilifanana kabisa na zile tatu. Unene ule ule, rangi ile ile ya buluu. Kama tatu ni nzima, hizi zina ugonjwa gani?

Alichukua kalamu akapiga tiki tano, moja chini ya nyingine. Zilikuwa tiki nzuri kweli, zenye mkia mrefu, kama za mwalimu aliyefurahi. Kisha mguu niponye, mpaka uwanjani. Timu yake ilishinda.

Kazi ilianza vizuri. Kuweka programu kwenye kompyuta moja kulichukua karibu dakika arobaini, na kufika Jumatano jioni, kompyuta ya kwanza mpaka ya nne zilikuwa zinapumua. Alhamisi asubuhi ya tano ikakubali. Kila moja ilipewa nambari yake ya mtandao, ili mashine mama ijue inazungumza na nani: ya kwanza kumi na moja, ya pili kumi na mbili, hivyo hivyo. Mama mdogo aliziandika zote daftarini.

Ya sita ikagoma.

Maandishi yakatokea kwenye skrini nyeusi, na mama mdogo akayasoma kwa sauti. "Inasema imeita mashine mama, haijajibiwa."

"Labda imeita kwa sauti ndogo," alisema Mzee Rungu, mlinzi wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio. Kufagia haikuwa kazi yake, lakini tangu kazi ianze, alikuwa amefagia chumba hicho mara sita, hasa pale karibu na kabati la ramani, nyuma ya kompyuta ya sita.

Mama mdogo alifungua daftari. Kebo: tiki. Akaenda mbele. Alitazama nyuma ya kompyuta, taa ndogo ya mtandao ilikuwa inawaka. Akabadilisha nambari, akajaribu, akaandika. Akarudisha nambari. Akafungua kompyuta, akatoa kadi ya mtandao, pale kebo inapochomekwa, akaipuliza vumbi, akairudisha, akajaribu, akaandika. Imeita, haijajibiwa. Akaweka kadi nyingine. Imeita, haijajibiwa.

Kabla ya mchana habari zilikuwa zimefika mpaka jikoni, na kila mtu akawa daktari. Mpishi alikuja na mwiko mkononi, akasema joto ndilo linaloiua, ifunguliwe dirisha. Mwalimu Mkuu alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote. "Izime, uiwashe," alisema. Ikazimwa, ikawashwa. "Izime tena, uiwashe." Alipoona fundi amechoka, aliizima na kuiwasha mwenyewe, mara kumi na tatu, kwa heshima zote. Mzee Rungu yeye alipita kila nusu saa kuuliza, "Imepona?" kama mtu mwenye mgonjwa wodini. Akiambiwa bado, alitazama kabati la ramani, akapangusa jasho, akaondoka.

Chapchap alikaa kwenye kiti akajifanya anafuta kibodi. Alikumbuka kila tiki. Lakini alijifariji. Ya nne ilikubali, ya tano ilikubali, na mchana huo mama mdogo alipoiacha ya sita kidogo ili amalize nyingine, ya saba na ya nane nazo zikakubali. Kwa hiyo tiki zake zilikuwa za kweli, alijiambia, ila tu hazikupimwa. Alijaribu kujiambia hivyo mara kadhaa, na kila mara alijiamini kidogo zaidi ya sifuri.

Ijumaa saa tatu na nusu, wakati wa mapumziko, alikuwa anapita nje ya jiko aliposikia sauti ya mpishi.

"Siku ya tatu hii. Fundi gani huyu, anaandika andika tu kama karani? Mimi nikishindwa kupika ugali siku mbili, mtaniacha hapa?"

Watu wakacheka. Chapchap hakucheka. Masikio yalimwaka moto. Alijua mama mdogo wake alikuwa fundi wa kuaminika, anayeitwa mpaka mahospitalini, na sasa alikuwa anasemwa jikoni na mtu mwenye mwiko.

Alirudi chumbani taratibu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Mama mdogo alikuwa peke yake mbele ya kompyuta ya sita, ameshika tama. Macho yalikuwa mekundu. Daftari lilikuwa wazi, na kwenye mstari wa mwisho alikuwa ameandika: *Ya sita. Nimeshindwa. Sababu siijui.*

"Usihuzunike, mwanangu," mama mdogo alisema. "Nitamwambia Mwalimu Mkuu kwamba kosa ni langu, si la kompyuta. Labda kamati itatuongezea siku."

 Chapchap alipiga moyo konde.

"Kosa si lako, mama mdogo. Kebo... mimi nilipima tatu tu. Zile tano nilipiga tiki bila kupima. Nilikuwa nawahi mpira." Machozi yalikuwa yanamtoka bila kuombwa. "Nisamehe."

Mama mdogo aliweka kalamu chini. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alifungua mkoba, akatoa kile kifaa chenye vipande viwili, akampa.

"Nenda ofisini," alisema. "Na usisahau kusalimia."

Chapchap alipoipima kebo ya sita, taa ya kwanza haikuwaka. Ya pili haikuwaka. Ya tatu mpaka ya nane zikawaka.

"Nyaya mbili za rangi ya machungwa zimekatika," mama mdogo alisema Chapchap aliporudi kumweleza. Alipiga paji la uso kwa kiganja. "Ndiyo maana! Hizo ndizo kompyuta inazotumia kuzungumza. Za kusikilizia ni nyingine, na hizo ni nzima, ndiyo maana ile taa ya nyuma ilikuwa inanidanganya. Maskini, imekuwa inaita tangu jana na sauti haifiki popote. Lakini imekatikia wapi?"

Aliishika kebo, akaifuata kwa vidole, taratibu, kutoka kwenye kompyuta kuelekea ukutani. Ilipofika nyuma ya kabati la ramani, ufagio ulianguka chini pwaa!

"Ngoja, Fundi," alisema Mzee Rungu kutoka mlangoni. "Kabla hujalisogeza hilo kabati, tuongee kiutu uzima."

Nyuma ya kabati palikuwa na fundo. Halikuwa fundo la mchezo. Lilikuwa kubwa kama ngumi, limezungushiwa utepe mweusi mara nyingi, na juu yake limefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Komeo la geti lilivunjika mwezi uliopita," Mzee Rungu alieleza, anakuna kichwa. "Nikaiona hii kebo imejikunja hapa chini, ndefu, haina kazi. Nikakata kipande, nikafungia geti. Niliposikia fundi anakuja, nikakirudisha. Nimeiunga vizuri, nakuapia, hata ukiivutia ng'ombe haikatiki. Rangi kwa rangi. Ila zile mbili za machungwa, miwani niliisahau nyumbani, sikuziona sawasawa. Nikasema, si neno, sita kati ya nane ni maksi nzuri."

"Na siku zote mbili hizi ulikuwa unatuangalia tu?" aliuliza mama mdogo.

"Nilitaka kusema. Kila nusu saa nilikuja nikiwa nataka kusema." Alimtazama Chapchap. "Huyu mtoto amenishinda ushujaa. Nilisimama hapo mlangoni nikamsikia, nikaona aibu na mvi zangu."

Hapakuwa na wakati wa kulaumiana. Saa nne ilikuwa imepita. Mama mdogo alilikata fundo lote, akaunganisha nyaya nane ipasavyo, Chapchap akapima. Hodi, shikamoo, marahaba, nyumbani hawajambo. Taa nane! Kompyuta ya sita ilipowashwa, ikaita, na kwa mara ya kwanza ikajibiwa. Maandishi yakaanza kukimbia kwenye skrini. Mzee Rungu alirusha kofia juu, ikanasa kwenye feni.

Furaha haikufika hata dakika tano. Kompyuta ya tano, iliyokuwa nzima tangu Alhamisi, ikakatika mtandao. Ikarudi, na ya sita ikakatika. Ya sita ikarudi, ya tano ikakatika. Zilikuwa kama watoto wawili wanaogombania shuka moja.

"Zina nambari moja!" mama mdogo alisema akitoa macho. "Lakini haiwezekani. Ya tano ni kumi na tano, ya sita ni kumi na sita, nimeiandika mwenyewe." Alitazama mipangilio ya kompyuta ya sita. Kumi na tano. "Nani ameigusa hii?"

Chapchap akatikisa kichwa. Mzee Rungu akainua mikono yote miwili. Nyuma yao, Mwalimu Mkuu, aliyekuwa ameingia kuona kelele ni za nini, akakohoa. Akakohoa tena. Akatazama dari, ambapo kofia ilikuwa inazunguka polepole.

"Jana mlipokwenda kula," alianza, "niliizima, nikaiwasha. Ikaniuliza nambari. Ile yako ya kumi na sita niliona haijaisaidia kitu. Na hii ya tano pembeni ilikuwa inafanya vizuri sana, yenye akili. Kwa hiyo..." Sauti ilipungua mpaka ikabaki kidogo. "Nikanakili kwa jirani."

 Huyu ndiye Mwalimu Mkuu aliyekuwa akisimama kila mtihani akitangaza kwamba atakayemchungulia jirani atakiona. Chapchap aliuma midomo. Mzee Rungu aligeukia ukuta, mabega yakitetemeka. Mwishowe Mwalimu Mkuu mwenyewe akashindwa, akaangua kicheko, na chumba kizima wakavunjika mbavu.

Nambari ikarekebishwa. Programu ikaanza upya saa nne na dakika hamsini. Safari hii mama mdogo aliweka kiti mbele ya kompyuta ya sita, akakaa, na hakuna aliyeruhusiwa kutoa ushauri. Saa sita kasoro dakika ishirini, zote nane zilikuwa zimewaka. Kamati ilipofika, mwenyekiti wake alipita akizitazama moja moja, kisha, kati ya viti vyote nane, akaenda kukaa kwenye cha sita. Chapchap alishika pumzi. Mwenyekiti aliandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akalituma kwenye mashine mama, na ofisini mpishi, aliyekuwa amejipa kazi ya kuangalia, akapiga kelele, "Limefika! Limefika lote!"

Chumba kikabaki cha kompyuta.

Wageni walipoondoka, mama mdogo alimwita Chapchap akamkalisha mbele yake. Mwalimu Mkuu na Mzee Rungu walikuwepo, na ingawa hakuwaita, hawakuthubutu kuondoka.

"Unajua kwa nini nilihangaika siku nzima na nusu?" alisema. "Nilikuwa na mashahidi wawili. Kompyuta iliniambia tangu mwanzo: naita, sijibiwi. Daftari likaniambia: kebo ni nzima. Nikaiona kompyuta ndiyo mwongo, nikaliamini daftari. Unajua kwa nini? Kwa sababu lilikuwa limeandikwa na mtoto wa dada yangu."

Chapchap aliinamisha kichwa.

"Kukosea si kitu," mama mdogo aliendelea kwa upole. "Ungeniambia, 'Nimepima tatu, nimechoka, nataka kwenda kucheza,' ningekwambia nenda kacheze, nitamalizia. Kazi nusu iliyosemwa kuwa nusu, mtu anaweza kuimalizia. Kazi nusu iliyoandikwa kuwa nzima inampoteza kila anayekuja nyuma yako. Lakini leo umesema ukweli wakati hakuna aliyekuwa anakushuku, na watu wazima wawili wakapata ujasiri wa kusema wa kwao. Hilo nalo nimeliandika humu."

"Mimi naunga mkono hayo," alisema Mwalimu Mkuu haraka. Mzee Rungu akaitikia kwa kichwa.

Mama mdogo alifungua ukurasa mpya, akachora mistari minane, akampa Chapchap daftari na kile kifaa.  Chapchap alielewa.

Alianza na kebo ya kwanza. Hodi, shikamoo, nyumbani hawajambo. Alipokuwa kwenye ya sita, sauti zikaanza uwanjani, na rafiki yake akachungulia dirishani. "Chapchap! Tunagawana timu, njoo utaachwa!"

"Nichagueni wa mwisho," alisema. "Bado kebo tatu."

Alipomaliza alimrudishia mama mdogo daftari. Safari hii tiki zilikuwa mbaya, zimepinda, kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi la nyuma ya makabati, na ya sita ilikuwa na alama ya kidole. Mama mdogo alizipitishia macho kutoka juu mpaka chini. Hakuuliza kitu. Alilifunga daftari, akalitia kwenye mkoba.

"Nenda kacheze," alisema.